Kinkina ya Kivu ndani ya jini ya Wahindi



Mvua zilipoanza, msikilizaji mmoja alituuliza redioni kama ni kweli kwamba jini ikichanganywa na toniki inaponya malaria. Katika studio watu walicheka. (Nasema jini ya kunywa, si yale majini ya mashetani, neno ni moja na utani wake tunaujua wote.) Mimi sikucheka sana, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimeona jambo katika parsele yetu kule Kampemba ambalo lilinifanya nianze kutafuta historia ya kinywaji hiki.

Jirani yangu alikuwa amerudi kutoka India, alikompeleka mama yake kufanyiwa upasuaji, safari ambayo familia nyingi za hapa Lubumbashi zinaijua pamoja na madeni yake. Mama alipona. Basi kwa furaha jirani akafungua chupa aliyokuja nayo, jini ya Goa inayoitwa Stranger & Sons. Akanunua toniki mjini, ndimu soko ya Kenya, barafu kwa mama anayeuza samaki, akatuita. Chupa za toniki ziliandikwa «Indian Tonic», kwa hiyo wote tuliona kwamba siku hiyo tunakunywa India tupu.

Katika parsele yetu anaishi mama mmoja aliyefika mwaka 2025 na wajukuu wake, baada ya Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili. Kanisa lake halimruhusu pombe, kwa hiyo alipewa toniki peke yake. Alionja, akakunja uso, akaonja tena. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu njiani: «Mbona hii ni kinkina!»

Alikuwa sawa. Alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya kinkina kule Kivu ya Kusini, akibambua maganda, na uchungu ule anaujua kwa ulimi na kwa vidole. Ulikuwa unahamia mikononi, kutoka mikononi ukahamia kwenye ugali, na ukinyonyesha mtoto alikuwa analia. Hivyo ndivyo alivyotueleza.

Tuanze na mti huo. Kinkina si mti wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes, upande wa Peru, Bolivia na Ekwado, na watu wa Ulaya walianza kutumia ganda lake kutuliza homa katika miaka ya 1600. Mwaka 1820, mjini Paris, Pierre Pelletier na Joseph Caventou walitoa ndani ya ganda hilo kitu chenyewe kinachopigana na malaria, wakakiita kwinini. Neno hilo limetembea hata likafika katika midomo yetu: wengi wetu tunaita kidonge chochote «kinini», hata kiwe cha kichwa au cha tumbo.

Waingereza walikuwa na India yote ya kutawala na malaria ilikuwa inawaua. Mwaka 1860 Clements Markham aliongoza safari ya kwenda Andes kuchukua mbegu na miche, na kinkina ikapandwa katika milima ya Nilgiri kusini mwa India na huko Mungpoo karibu na Darjeeling. Kutoka miaka ya 1890 posta za Bengal ziliuza kwinini katika pakiti ndogo ambazo hata mtu maskini aliweza kununua. Lakini kwinini ni chungu, hakuna anayeipenda. Ndipo ikaja maji yenye gesi, sukari na kwinini kidogo: Erasmus Bond aliandikisha toniki yake London mwaka 1858, na katika miaka ya 1870 Schweppes nao wakatoa toniki yao, ile iliyobeba jina la India hadi leo.

Mnasikia mara nyingi kwamba askari wa Kiingereza walitia jini ndani ya dawa ili imezeke. Ni hadithi tamu, na labda wapo waliofanya hivyo. Lakini maandishi ya zamani yanayojulikana juu ya jini na toniki pamoja ni ya mwaka 1868, katika gazeti la michezo la Waingereza wa India, na wanaotajwa pale si wagonjwa. Ni watu waliotoka kuangalia mashindano ya farasi na wanataka kitu cha baridi. Kwa hiyo tangu mwanzo kinywaji hiki kilikuwa cha starehe.

Na jini yenyewe? Hapa ndipo nataka mama zetu wanaopika lutuku wasikilize vizuri. Jini ni pombe ya kupika, sawa na lutuku. Unachukua nafaka, unaiacha ichache, unaichemsha, unakamata mvuke na kuurudisha kuwa maji kwa kuupitisha kwenye baridi. Tofauti ni kwamba pombe hiyo hupikwa tena pamoja na vitunda vya mti wa nchi za baridi ambao Wafaransa wanauita genévrier, na viungo vingine. Waholanzi na Wabelgiji waliitengeneza kwanza, Waingereza wakaipeleka kwao, na huko London ikawa balaa. Katika miaka ya 1700 jini ilikuwa lutuku ya maskini wa London. Wanawake waliiuza barabarani, kwenye vikapu na matoroli, kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine. Mwaka 1736 serikali iliweka sheria kwamba anayetaka kuuza jini alipe pauni 50 kwa mwaka, pesa ambayo muuzaji wa barabarani hakuweza hata kuiota. Watu wakafanya fujo, wakaendelea kuuza kwa kujificha, na ndani ya miaka saba sheria ikafutwa. Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth alitoa picha yake ya mtaa wa jini, ambamo mama amelewa na mtoto wake anaanguka kutoka mikononi. Mwaka huo huo ikaja sheria nyingine, iliyojaribu kuweka biashara mikononi mwa wenye ruhusa badala ya kuizima kabisa.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi mkataba wa Brussels. Ulikuwa mkataba juu ya biashara ya watumwa, lakini sehemu yake moja ilihusu pombe kali: kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, isiingizwe mahali ambapo haijazoeleka. Lubumbashi iko digrii 11 na nusu hivi kusini, yaani ndani kabisa ya eneo hilo. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ukakaza zaidi, ukakataza hata kutengeneza pombe ya kupika katika sehemu hizo za Afrika. Wenye kutia sahihi walisema wanamlinda Mwafrika. Lakini mzungu wa Élisabethville hakukatazwa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka Rodezia ilipofika, na juu ya reli hiyo yalikuja makaa, mashine, Waingereza wengi, na masanduku ya chupa. Mtu mweusi aliyebeba sinia ya glasi barazani aliweza kufungwa kwa kunywa kile kilichokuwa juu ya sinia. Wakongo wachache wenye elimu, wale walioitwa évolués, walihesabu ruhusa ya kunywa kinywaji cha mzungu kati ya haki walizozidai, na ni katika miaka ya 1950 tu mlango huo ulipofunguka, miaka michache mbele ya uhuru.

Ndiyo sababu tunayo lutuku. Mtu alikatazwa chupa, akatafuta pipa. Bibi yangu aliipika Katuba, na nilipokuwa mtoto nilitumwa kuchota maji ya kupoza bomba. Mahindi yaliyochipuka, unga wa muhogo, siku kadhaa ndani ya pipa, kisha moto, bomba lililopita ndani ya maji ya baridi, na matone. Tone la kwanza alilimwaga. Alisema ni la mashetani. Nilipokwenda kusoma uandishi wa habari ndipo nilipojua kwamba alikuwa na sababu: methanoli inachemka kwenye digrii 65, alkoholi ya kunywa kwenye 78, kwa hiyo mwanzo wa mvuke ndio wenye vitu vibaya zaidi. Bibi hakuwa na kipimajoto, alikuwa na pua. Wakati mwingine askari walikuja, wakamwaga pipa, wakaondoka na chupa mbili ambazo hazikumwagwa. Ada ya shule yangu ilitoka katika pipa hilo, sina haya kulisema.

Lakini nisisifu kupita kiasi. Lutuku imeua na inaendelea kuua, polepole kwa wengi, na haraka kwa baadhi. Mahindi yenyewe hayatoi methanoli nyingi. Hatari kubwa inakuja pale mtu mwenye tamaa anapoongeza alkoholi ya viwandani ili apate lita nyingi. Jirani zetu wa Uganda walilia kwa sababu hiyo mwezi wa nne 2010, huko Kabale, ambako makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka.

Na Uganda tuitazame kidogo, kwa sababu walijaribu njia ambayo sisi hatukuijaribu. Waragi yao ni pombe ya kupika ya vijijini, ya ndizi au muhogo au mtama, na inasemekana jina lenyewe ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Katikati ya miaka ya 1960 serikali yao iliweka sheria kwamba mpishi awe na ruhusa na auze pombe yake kwa kiwanda, ambako ilisafishwa, ikapikwa upya, ikatiwa katika chupa kwa jina Uganda Waragi. Leo inauzwa hata Ulaya. Haikumaliza pipa za vijijini, Kabale imeonyesha hivyo, lakini angalau pombe ya bibi ilipata jina na chupa. Watanzania nao wana Konyagi yao, ambayo ladha yake iko karibu na jini.

India walienda mbali zaidi. Kule Goa kuna feni, pombe ya kupika ya mabibo, ya wanakijiji, iliyokuwa ikidharauliwa kama lutuku. Mwaka 2009 ililindwa kisheria, hakuna mtu nje ya Goa anayeruhusiwa kutumia jina hilo. Kisha kutoka mwaka 2017 vijana wakaanza kutengeneza jini ndogo ndogo kwa mikono yao: Greater Than na Hapusa za kampuni Nao Spirits, Stranger & Sons mwaka 2018. Hapusa ni jina la Kisanskriti la ule mti wa genévrier, na vitunda vyake vinatoka milima ya Himalaya. Ndani ya jini hizi mnakuta pilipili manga, kungumanga, maganda ya machungwa na ndimu, vitu vya jikoni kwao. Nchi iliyouziwa jini na mkoloni sasa inamuuzia mkoloni jini. Mimi nilipoionja, nilisikia pilipili manga kwanza, halafu chungwa. Ni nzuri. Nilifikiri juu ya masuku ya porini, tangausi na mizizi ya munkoyo, nikajiuliza nani hapa Katanga atafanya kazi hiyo, na kama askari watamruhusu.

Jirani yangu alituchanganyia kipimo kimoja cha jini na vipimo vitatu vya toniki, barafu nyingi, kipande cha ndimu, basi. Barafu kidogo ni kosa, inayeyuka upesi na kuharibu kila kitu. Mwingine alitaka gimlet, yaani jini na maji ya ndimu yenye sukari, kinywaji cha mabaharia wa Kiingereza waliokunywa ndimu ili fizi zisioze. Kwa wale wa kanisa, toniki na maji ya tangausi inatosha, tena kwangu inashinda.

Sasa kuhusu yule mama. Kinkina ilifikaje Kivu? Waholanzi walipata mbegu bora mwaka 1865 kutoka kwa Mwingereza Charles Ledger. Aliyezitafuta mlimani ni Mbolivia mwenyeji, Manuel Incra Mamani, na Mamani alifungwa na kupigwa kwa ajili ya kazi hiyo hata akafa. Mbegu hizo zilipandwa Java, na kufika miaka ya 1930 zaidi ya 90 kwa mia ya kwinini ya dunia ilitoka huko. Mwezi wa tatu 1942 Wajapani wakaichukua Java. Mara moja majeshi ya Uingereza na Marekani yakakosa dawa, wakati askari wao walikuwa wanapigana katika nchi za mbu. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuanza kupanda kinkina katika milima ya Kivu, penye baridi, mvua na udongo wa volkano, na kituo cha utafiti cha Mulungu karibu na Bukavu kilishughulikia miche. Vita vikaongeza mashamba. Baadaye Bukavu ikapata kiwanda chake, Pharmakina, kinachogeuza ganda kuwa kwinini, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilitoka pale.

Mti unataka miaka saba hivi au zaidi kabla ya kuvunwa. Mama alitueleza kazi: wanakata, wanapiga shina kwa nyundo ya mti ganda lilegee, wanabambua, wanaanika, wanabeba. Mvua ikikuta ganda limeanikwa, siku imepotea. Aliniambia pia kwamba walipolipwa kwa kilo, walijifunza kuhesabu upesi kuliko watoto wa shule.

Dawa ilipobadilika, bei ikabadilika. Siku hizi malaria inatibiwa kwanza kwa dawa za mchanganyiko zenye artemisinini, na tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesunate badala ya kwinini kwa malaria kali. Kwinini imebaki na kazi yake, lakini si mfalme tena. Mteja mwingine aliyebaki ni kinywaji. Kampuni ya Uingereza Fever-Tree, ambayo jina lake lina maana ya mti wa homa, ilianza kuuza toniki mwaka 2005, na yenyewe inasema wazi kwamba kwinini yake inatoka upande wa mpaka wa Kongo na Rwanda. Yaani katika hoteli za London na Mumbai, mtu anayesema anakunywa kitu cha Kihindi au cha Kiingereza, ule uchungu anaousifu umebambuliwa na mikono ya Kivu.

Nimjibu sasa msikilizaji wetu. Hapana, haiponyi. Hesabu ni hii: Marekani sheria hairuhusu toniki kupita miligramu 83 za kwinini katika lita moja. Mtu mzima anayetibiwa kwa vidonge vya kwinini hupewa miligramu 600 mara tatu kwa siku, jumla 1,800, kwa siku saba. Ili ufikie hapo kwa toniki ungekunywa karibu lita 22 kila siku, wiki nzima. Sukari na maji vingekuangusha kabla ya malaria. Na pombe juu ya homa inakausha mwili na kuficha dalili. Nasema haya kwa ukali kwa sababu katika mtaa wetu kijana mmoja alilazwa nyumbani siku tatu na lutuku na toniki, watu wakisema «kinini imo ndani». Alipofikishwa kituo cha afya alikuwa hatambui watu. Aliponea chupuchupu. Mtoto akipata joto, apimwe siku ile ile, hasa katika familia zilizotoka milimani Kivu: kule juu mbu ni wachache, na miili ya watoto wenu haijazoea malaria ya hapa.

Siku ile ya chupa, mama aliomba nimsomee maandishi ya toniki, kwa sababu miwani yake ilibaki Kivu. Nikasoma: maji, sukari, gesi, kwinini. Akauliza, «Hawakuandika imetoka wapi?» Nikageuza chupa pande zote. Hawakuandika. Akaomba chupa tupu, akaiosha, sasa anawekea mafuta ya mawese.

Wale wote waliowahi kufanya kazi ya kinkina, shambani au kiwandani, na sasa mko hapa mjini au katika kambi, njooni redioni au mtumie mtoto aandike. Tunataka sauti zenu katika kipindi cha Jumamosi. Na mama wa lutuku pia, njooni. Majina hatutasoma.